Mwaka Niliocheza na Nyuki Mkali

Siku tulipomzika mama mkwe wangu, hapo Mitundu, nilipewa kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, upande wa zizi, pamoja na wanaume wengine wawili waliooa katika ukoo ule. Wazee walikaa mbele chini ya turubai, kina mama walikuwa ndani na marehemu, na sisi wakwe tukawekwa huko nyuma na mbuzi. Sikulalamika, ndipo mahali petu. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongeleshani. Ukitaka kumwambia mkweo kitu unamtuma mtoto, na kama mtoto hayupo unauambia ukuta, naye akasikia kwa bahati. Vijana wa mjini wanayacheka mambo hayo na wengine wameyaacha kabisa, lakini familia ile ilikuwa haijaacha. Mwenzangu mmoja, aliyeoa binti wa dada wa marehemu, akaniinamia akasema, "Mimi huyu mama nilikuwa simjui hata sura vizuri. Wewe je?" Nikamwambia tunyamaze, mchungaji anaanza kuomba.

Ningemjibu nini? Kwa mwaka mmoja, kabla sijamwoa Rehema, mama yake alikuwa rafiki yangu kuliko mtu yeyote, na sikujua kwamba ni yeye. Saa niliyojua ndiyo saa niliyompoteza. Baada ya msiba Rehema ameniuliza kwa nini nililia kuliko kaka zake, maana hata watu walinong'ona, nami nikasema lilikuwa vumbi. Mke wangu si mtoto. Akaniacha na vumbi langu, lakini najua atauliza tena, na kwa mdomo sitaweza, nitaanza kujitetea na kupiga porojo kama kawaida yangu. Bora ayasome.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa nimekwama. Nilimaliza kidato cha sita, matokeo hayakunibeba, na mjomba akanipeleka Mitundu kumsimamia mashine yake ya kusaga. Chumba changu kilikuwa stoo ya mashine yenyewe: kitanda cha kamba kando ya magunia ya pumba, dirisha dogo lenye wavu, na harufu ya dizeli na unga ambayo hata ukioga haitoki. Asubuhi kina mama walipanga foleni na ndoo zao, mchana pakawa kimya, jioni nikasonga ugali wangu na mlenda, au nikaletewa kunde na mke wa Salumu, fundi wa mashine. Wenzangu niliosoma nao walikuwa vyuoni, Dodoma na Dar, na kwenye kundi letu la simu walitumiana picha wamening'iniza vitambulisho shingoni. Nikajitoa kwenye kundi. Siku nyingine neno pekee lililonitoka tangu asubuhi lilikuwa "leta ndoo." Nilikuwa naamka na sitaki kuamka. Sikumwambia mtu, kwa sababu kijana mwenye afya, anayekula akashiba, mwenye mjomba mwenye mashine, atasema anaumwa nini?

Salumu ndiye aliyenitia kwenye mchezo. Ulikuwa ule mchezo wa simu ambao watu wanashuka kisiwani na miavuli, kila mmoja anatafuta silaha, na timu inayobaki ya mwisho ndiyo mshindi. Mechi zangu za kwanza niliua watu kama sina akili nzuri. Nikashinda, nikashinda tena, nikamwita Salumu aje aone kipaji. Akaja anafuta grisi mikononi, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Hao si watu, dogo. Hao ni maroboti. Mgeni analambishwa asali kwanza. Ukishanogewa ndipo wanakuingiza mzingani." Na kweli, haikupita wiki nikaingizwa mzingani. Hao sasa walikuwa watu, wengine wamecheza miaka, wanakupiga kabla hujajua umetazamwa kutoka wapi. Nikawa nashuka, nakufa, nashuka, nakufa, na watu nisiowajua niliopangwa nao timu moja wakinitukana kwa sauti: wewe mgeni umetoka wapi, futa mchezo, nenda kalime. Nimewaza sana tangu wakati ule kwa nini mchezo unawachanganya wageni na wazoefu. Nadhani mzoefu akikutana na wazoefu tu atachoka, anataka wa kumshinda na wa kumshangaa. Na mgeni naye habaki kwa ajili ya maroboti. Anabaki kwa sababu amemwona mtu mmoja akifanya jambo ambalo yeye hawezi, na roho yake inataka kuwa yule. Ni biashara, mashine inataka mahindi kila siku. Ila ndani ya biashara hiyo hutokea mtu mmoja mmoja ambaye hayupo kwa ajili ya kushinda.

Mchezo ulikuwa na ukurasa wa kuonyesha wachezaji walio karibu nawe, na juu kabisa ya ukurasa wetu, mbali mno na sisi wengine, palikuwa na jina Nyuki Mkali, na kando yake picha ya mzinga wa nyuki wa njano. Vijana waliokuja kupumzika mashineni mchana walikuwa hawaishi kumjadili. "Ni yule injinia wa mnara," mmoja alisema. "Injinia gani anakaa Mitundu? Huyo dereva wa roli za tumbaku, hana kazi akipaki." Salumu alikataa yote. "Mimi nawaambia ni mwanajeshi yuko likizo. Mmewahi kumsikia akiongea? Mwanajeshi haongei." Ilikuwa kweli, kipaza sauti chake hakikuwahi kuwashwa. Aliandika tu, maneno mawili matatu, basi. Tulitaja kila aina ya mwanamume anayeweza kupita wilaya yetu na hakuna aliyesema labda ni mwanamke. Hata mimi sikusema.

Siku moja nikamwalika kwenye timu yangu, kwa ujinga tu, nikijua hatapokea. Akapokea. Mechi ile niliangushwa mahali peupe, katikati ya uwanja, nikawa natambaa, na wale wawili wengine wa timu wakasema niachwe nisije nikawaponza. Nyuki Mkali akatoka kwenye nyumba aliyojificha, akavuka uwanja wote huku anapigwa, akaniinua, na alipomaliza kuniinua akaangushwa yeye, akafa. Nilimwandikia, "Kaka, kwa nini umekuja?" Akajibu, "Ulikuwa peke yako." Nilisoma maneno hayo nimekaa juu ya gunia la pumba na machozi yakanitoka. Najua ni mchezo. Nilijua hata siku ile. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo mwaka mzima, na sidhani kama kuna aliyekuwa ameona.

Tangu siku hiyo tukawa tunacheza kila mchana foleni ikiisha. Alinifundisha kwa namna tuliyolelewa nayo. Kwetu mkialikana palizi, asiyejua hawekwi mwisho wa mstari akaachwa nyuma na kuchekwa. Anawekwa katikati, kati ya majembe mawili yenye nguvu, na hao wa pembeni wanamlimia kipande cha tuta lake bila kusema, ili wote wafike pamoja. Nyuki Mkali alipanga timu hivyohivyo, wageni wawili kati, wazoefu wawili pembeni, na mzoefu aliyegoma kumsubiri mgeni hakualikwa tena. "Usikimbilie kila mlio," aliniandikia. "Ingia nyumba, simama, sikiliza." Na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mchezaji mwingine. Akitaka kukupa dawa au risasi hakukutupia miguuni. Aliiweka mlangoni, akarudi nyuma, akageukia upande mwingine, ndipo wewe ukachukue. Nilidhani ni mbinu ya vita. Mimi nilimwita kaka, mkuu, mwanangu, na mechi ikipamba moto nilimwita hata pimbi. Siku moja nikajikuta nimemwandikia kwamba kuna asubuhi sitaki kuamka. Niliogopa atacheka. Akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. "Kapike ule. Nasubiri." Na kweli alisubiri, ile alama ya kijani ikiwaka kando ya jina lake, mpaka nikarudi nimekula.

Simu yangu nilikuwa naichaji kwa Mama Rehema, mjane aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na mashine, chenye sola mbili juu ya bati. Alichaji simu za kijiji, akauza vocha na asali kwenye chupa za maji. Muda wote alikuwa na hedifoni masikioni, na kila mtu alijua anasikiliza mahubiri. Nilimsikia mama mmoja kwenye foleni yangu akimwambia mwenzake, "Mama Rehema kaokoka kweli jamani. Hata akikurudishia chenji, sikioni ni neno tu." "Na anavyocheka peke yake!" "Roho huyo, dada." Mimi nilipofika nilisema, "Shikamoo, mama," naye akatoa hedifoni ya sikio moja, akasema, "Marahaba. Weka hapo," akairudisha. Kila siku hivyo, marahaba, weka hapo. Nilimwona mwenye maringo. Nisingerudi kama si binti yake, aliyekuwa anafundisha chekechea ya kanisani asubuhi na kumsaidia mama yake jioni. Rehema atakaposoma hapa ajue kwamba nilianza kupeleka simu kuchajiwa hata ikiwa imejaa.

Kuna siku niliyoielewa baadaye sana. Mashine ilikuwa na wateja wengi, simu ikashinda kibandani, na nilipoifuata Mama Rehema akaishika badala ya kunipa. Akatoa hedifoni zote mbili. "Hii ni yako?" "Yangu, mama." "Imepiga kelele mchana." "Samahani, mama. Nitakuwa naizima." "Si neno," akasema, akanipa, na akaendelea kunitazama mpaka nikavuka barabara. Niliwasha kioo, nikakuta Nyuki Mkali alikuwa amenialika mchana ule na sikuwepo. Sikuunganisha lolote. Nikamwandikia hapohapo kuomba radhi, na kwa kuwa nilikuwa nimeudhika nikamfungulia moyo. Kuna msichana nampenda, nikasema, lakini mama yake ana roho ya korosho, ananitazama kana kwamba nimeiba. Nyuki Mkali alikawia kujibu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Labda amechoka tu," akaandika.

Baada ya hapo kaka yangu akawa na maswali. Tunasubiri mechi ianze, linakuja swali. Unakunywa? Ukikasirika unafanyaje? Msichana mwenyewe anajua? Nilijibu yote kwa ukweli, maana kwa mtu usiyemwona uongo hauna faida. Siku moja akauliza, "Unampenda, au umechoka kuwa peke yako?" Swali hilo nilitembea nalo siku nyingi kati ya magunia, nikikasirika, kwa sababu sikuwa na uhakika. Mwishoni nikamwambia, nikiwa peke yangu namfikiria, na nikiwa naye bado namfikiria. Akasema, "Sawa." Nikadhani hakunielewa.

Karibu na mavuno Rehema aliniambia kibandani, mama yake akiwa amempa mgongo, kwamba baba zake wadogo wamepata mchumba wa kumletea, mnunuzi wa asali wa Itigi, mtu mzima mwenye gari. "Mama kasema chochote?" "Mama kanyamaza tu." Nikamkimbilia Nyuki Mkali. Nikamwambia nimepanga kwenda mwakani, nikishajipanga. "Mwakani atakuwa ameolewa," akajibu. Nikasema mjomba atanicheka. "Mwambie leo. Acha acheke." Kisha likaja jambo ambalo sikulitegemea. "Siku utakayopeleka posa ndiyo mwisho wetu. Sitacheza nawe tena." Nilisoma mara mbili. Nikamuuliza kama ananionea wivu, kama nimemkosea, kama amehamishwa. Mwishowe akaandika, "Utakuwa mwanamume mwenye nyumba yako. Ndivyo inavyotakiwa." Nikaona upuuzi. Wangapi wameoa na wanacheza!

Sasa niseme lililo zito kwangu kulisema, na Rehema anivumilie. Kwa siku kadhaa nilisita. Sikusita kwa ajili ya yule wa Itigi na gari lake. Nilisita kwa sababu ya Nyuki Mkali. Niliogopa kurudi kwenye zile asubuhi, stoo, pumba, kimya, bila mtu wa kuniuliza kama nimekula. Msichana nilikuwa nampenda, lakini rafiki ndiye aliyekuwa amenishika mkono nisizame, na hujui kama ukiuachia mkono utaelea. Nilikwenda kwa mjomba bila ujasiri wowote. Nilikwenda kwa sababu Nyuki Mkali alikuwa ameanza kuniuliza kila mchana, kabla ya salamu, "Umeenda?" Mjomba alicheka, kama nilivyojua. Kisha akaenda kumtafuta mshenga.

Tulifika Jumapili baada ya ibada, mjomba na mshenga mbele, mimi nyuma na shati la Salumu. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, televisheni iliyofunikwa shela, picha ya marehemu baba yake Rehema, na chini ya picha simu imechomekwa kwenye chaji. Baba wadogo walituuliza tulichokuja kufanya kana kwamba hawajui. Mama Rehema hakutokea. Alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu posa ikishapokelewa tungekuwa wakwe na ilikuwa vizuri tuanze kuzoea. Chakula kilipokuja, kuku wa kienyeji na ugali wa mtama, niliona mkono ukitoka chini ya pazia, ukaweka sinia kizingitini, ukarudi ndani, na kivuli nyuma ya pazia kikageukia upande mwingine. Rehema akaja kulichukua sinia. Niliutazama mkono ule na kitu kikanigusa, sikujua ni nini. Nilikula bila kusikia ladha. Kisha wazee wakatoka nje kushauriana na mjomba, mshenga akasinzia kwenye kochi, na mimi nikabaki na woga wangu. Nikatoa simu mfukoni. Alikuwa ameniambia leo ndiyo mwisho, lakini leo ilikuwa haijaisha. Nikaandika, "Kaka niko ukweni. Naogopa."

Chini ya picha ya marehemu, simu ikalia.

Nilijiambia ni bahati tu. Nikaandika tena neno moja, "Kaka," na ile simu ikalia tena, kioo kikawaka, na kutoka pale nilipokaa nikaona mzinga wa njano ambao kwa mwaka mzima nilikuwa nauona kando ya jina lake. Nilikumbuka yote kwa pamoja: pimbi, mwanangu, roho ya korosho, hedifoni, hii ni yako, imepiga kelele mchana. Nyuma ya pazia sauti ya Mama Rehema ikasema, taratibu, "Rehema, niletee simu yangu." Rehema akapita mbele yangu, akatabasamu, akachomoa simu bila kuitazama, akaingia nayo ndani. Mshenga alikoroma. Nikakaa natazama pazia, na pazia halikutikisika. Kisha simu yangu ikatetemeka mkononi.

"Kaa wima. Wakubwa wakikuuliza jibu usikike. Hili ni la mwisho."

Wazee waliporudi nilikuwa nimekaa wima. Walipouliza nilijibu nikasikika. Posa ikapokelewa, mahari ikatajwa, vigelegele vikapigwa ndani, na miongoni mwa vigelegele hivyo palikuwa na cha kwake. Njiani mjomba alisimamisha pikipiki akanigeukia. "Wewe mbona unalia? Umekataliwa?" Nikamwambia nimemkosea mama mkwe. Akashtuka, maana kwetu hilo ni jambo la kutozwa kondoo mbele ya wazee. "Umemwona?" "Nimemwongelesha." "Umemwambia nini?" Nikashindwa kutamka pimbi mbele ya mjomba wangu. Nikasema nilimwambia naogopa. "Kabla posa haijapokelewa au baada?" "Kabla." Mjomba akapumua. "Basi hujakosea kitu. Kabla ya hapo ni mama wa watu tu." Akawasha pikipiki. Ndipo nilipoelewa kwamba na Mama Rehema, nyuma ya pazia, alikuwa amepima hivyohivyo, akatumia dakika za mwisho alizokuwa nazo.

Nilikasirika, tena sana. Miezi ya uchumba nilikuwa namwona kama mtu aliyenikagua meno mnadani. Aliniuliza kuhusu pombe na hasira nikidhani naongea na kaka, kumbe naongea na mama wa binti. Alikuwa mzoefu, mimi mgeni, na alijua ramani yote wakati mimi naona vichaka tu. Hasira hiyo iliisha siku ambayo Rehema, tukiwa tumekaa nje ya mashine, aliniambia anamwonea mama yake huruma. "Siku hizi hacheki tena kibandani," akasema. "Anaweka hedifoni, anasikiliza, hacheki. Nadhani mhubiri wake amehama." Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya stoo. Mpaka saa ile nilikuwa nahesabu kilichonipotea mimi tu. Sikuwa nimefikiri kwamba mjane yule, ambaye kijijini kila mtu alimjua kwa ujane wake, alikuwa na mtu mmoja duniani wa kumwita mwanangu na pimbi, wa kumchekesha. Na alikuwa na njia rahisi ya kubaki naye. Angenyamaza tu, binti akaenda Itigi, na mimi ningeendelea kuwa wake kila mchana bila kujua lolote. Badala yake alinisukuma mlangoni mwake kila siku, umeenda, umeenda, mpaka nikaenda.

Tumeishi wakwe kwa miaka yote tangu hapo, nyumba zetu zikitazamana, na hatukuvunja mwiko. Alinitumia maziwa ya mgando kwa mkono wa watoto. Mimi nilipanda kumkarabatia sola akiwa amekwenda kanisani. Kwenye simu jina lake liliendelea kuwaka, na kila nilipotazama alikuwa na wageni wapya, majina nisiyoyajua, wawili kati. Sikumwalika. Naye hakunialika, isipokuwa mara moja. Rehema alikuwa hospitalini, uchungu wa mtoto wetu wa kwanza umekwenda vibaya, na madaktari wamenyamaza kwa namna inayotisha. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, mama yake yuko upande wa pili wa ukuta na kina mama. Hakuna mtoto wa kumtuma. Simu ikatetemeka: Nyuki Mkali anakualika. Nikakubali. Tulishuka kisiwani wawili tu, hatukuandika neno, si mimi si yeye, kwa hiyo nathubutu kusema hatukuongea. Sikuweza hata kupiga. Akaniingiza kwenye nyumba fulani, akaweka dawa mlangoni, akarudi nyuma, akageukia upande mwingine. Tukakaa hivyo ndani ya nyumba ile ya uongo, mechi ikiendelea huko nje bila sisi, mpaka nesi akatoka akaniita jina langu, na dirishani nikasikia kigelegele cha mama mkwe.

Haya yote niliyawaza nikiwa zizini siku ya mazishi, na mbuzi wakinivuta suruali. Jioni tukaitwa makaburini. Kwa desturi ya pale wakwe huja mwisho kabisa, wengine wakishatupa udongo wao, na siku hiyo moja mwiko unafunguliwa: mkwe anaweza kumsogelea mkwewe na kumuaga kwa mdomo wake mwenyewe. Wenzangu wawili walimwaga udongo wakanong'ona kitu wakaondoka. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi. Nilitaka kumshukuru kwa uwanja aliouvuka. Nilitaka kumwomba radhi ya korosho. Nilitaka kumwambia kwamba siku hizi naamka vizuri, na kwamba nimekula. Nilisimama pale udongo mkononi, watu wote wananitazama. Nikafungua mdomo, likatoka lile la kibandani.

"Shikamoo, mama."

Wanaume wenye makoleo walisimama kunisubiri. Kaka mkubwa wa marehemu, mzee aliyekuwa anatuelekeza mahali pa kumwagia udongo, alinitazama, akaona sitaondoka bila kuitikiwa.

"Marahaba," akasema kwa niaba yake. "Weka hapo."

Nikaweka. Nikarudi nyuma, nikageukia upande mwingine.